Masomo Mangapi ya Daraja la Juu? Tuhesabu Saa Kwanza

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya neno linalowasumbua ndugu zetu waliohamia nchi ya Marekani, wazazi na vijana pia. Huku kwetu neno hili halijulikani sana, kwa sababu mashule yetu yamepangwa kwa namna nyingine. Lakini ni nani miongoni mwetu asiye na kaka, shangazi au mpwa kule? Katika mwaka wa hesabu wa 2016 peke yake, Wakongo zaidi ya 16,000 walipokelewa Marekani kama wakimbizi, na wengi wao walikuwa watu wa upande wetu wa mashariki, wenye kusema Kiswahili. Katika miaka ya 2023 na 2024 hesabu ilipita hiyo. Mwezi wa Januari 2025 serikali ile ilisimamisha mapokezi ya wakimbizi. Walakini waliokwisha kufika wamejenga makao yao Kentucky, Texas, Ohio, Arizona, Iowa na majimbo mengine mengi, na watoto wao wanasoma.

Basi kila mwaka, miezi michache kabla ya likizo kubwa, wanafunzi wa sekondari kule hutakiwa kuchagua masomo ya mwaka ujao, na wazazi huletewa karatasi ili waikubali. Katika karatasi hiyo limo swali moja zito: mtoto huyu atachukua masomo mangapi ya daraja la juu? Moja? Matatu? Sita? Wazazi wengi hutia sahihi bila kuuliza, wakisema: «Mambo ya shule ayajuaye ni mtoto.» Sisi twasema kwamba sivyo. Swali hilo ni la mzazi pia, hata kama hajui neno moja la Kiingereza. Tutaeleza kwa nini.

MPAKA USIOWEKWA NA MTU

Kwetu Kongo, mwanafunzi akiisha kumaliza miaka 2 ya kwanza ya sekondari huchagua njia yake: sayansi, ualimu, biashara, ufundi, na nyinginezo. Akiisha kuichagua, masomo yote ya njia ile humjia kama yalivyo. Haongezi wala hapunguzi. Baada ya miaka 4 huingia Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967, na mtihani huo ni mmoja kwa wote wa njia ile.

Nchi nyingine nazo zimeweka mpaka. Uingereza, mitihani ya A-level ilianzishwa mwaka 1951, na wanafunzi wengi huchukua masomo matatu tu, ambayo vyuo vikuu huyatazama. Ufaransa, tangu baccalauréat mpya iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2021, kijana huchagua masomo matatu ya pekee katika mwaka ulio kabla ya mwisho, kisha huacha moja na kumaliza na mawili. Mnaona basi: huko wakubwa wa elimu wamekwisha kukata shauri. Kijana huchagua somo gani, hachagui mangapi.

Marekani haiko hivyo. Sekondari yao ni ya miaka 4, tangu darasa la 9 mpaka la 12, na somo moja laweza kufundishwa kwa daraja mbili au tatu katika shule ile ile. Daraja la juu linalojulikana kuliko yote huitwa Advanced Placement, na watu hulitaja kwa herufi mbili tu, AP. Ni masomo ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu yanayofundishwa na walimu wa sekondari. Mwisho wa mwaka, mwezi wa Mei, huja mtihani wa nchi nzima, na alama zake ni tangu 1 mpaka 5.

Mpango huo ulibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya wanafunzi wachache waliokuwa wakirudia chuoni mambo waliyokwisha kujifunza sekondari. Shirika liitwalo College Board lilipewa kuusimamia mwaka 1955, na katika mitihani ya 1956 waliingia wanafunzi 1,229 wa shule 104. Leo wanaoingia kila mwaka ni zaidi ya milioni 2, na masomo yenyewe yamefika karibu 40. Kilichokuwa kijia cha wachache kimekuwa barabara kuu. Na katika barabara iliyojaa watu, kila mmoja humtazama mwenzake anavyokimbia, asije akaachwa nyuma. Hapo ndipo matata yanapoanza: hakuna aliyeweka mpaka, na kijana wa miaka 16 yampasa kujiwekea mwenyewe.

MAMBO MATATU WANAYOAMBIWA VIJANA

Ukiwauliza vijana kwa nini wanataka masomo mengi ya juu, watakutajia sababu tatu. Kila moja ina kweli ndani yake. Kila moja ina mwisho wake pia.

Ya kwanza ni kupokelewa chuo kikuu. Ni kweli kwamba vyuo hupenda kumwona mwanafunzi aliyejaribu masomo magumu. Lakini humpima kwa kadiri ya shule yake. Pamoja na alama za mwanafunzi, shule hupeleka maelezo ya masomo inayoyatoa, na mshauri wa wanafunzi huandika kama kijana huyu alichukua magumu au mepesi kati ya yaliyokuwapo. Kwa hiyo aliyetoka katika shule yenye masomo matano ya AP halinganishwi na aliyetoka katika shule yenye ishirini na matano. Tena Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill kilichunguza alama za wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza. Kikaona ya kuwa waliofanya masomo ya daraja la chuo wakiwa sekondari walifaulu zaidi, na alama zilipanda kadiri masomo hayo yalivyoongezeka, mpaka kufika matano kwa miaka yote ya sekondari. Kupita matano, alama hazikuendelea kupanda. Angalieni vema: matano kwa miaka yote, si matano kwa mwaka mmoja.

Ya pili ni wastani wa alama. Kule alama ya juu, A, huhesabiwa 4. Shule nyingi huongeza 1 kwa somo la AP, hata A yake ikawa 5. Kijana huona njia fupi ya kupanda. Lakini B ya somo la AP ni 4, sawasawa na A ya somo la kawaida; na C yake ni 3, sawasawa na B. Mwenye kulemewa hapati faida ile aliyoitazamia. Tena vyuo vingi hufanya hesabu yao wenyewe. Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, chenye matawi mengi katika jimbo lile, huongeza alama za daraja la juu kwa nusu-mwaka 8 tu, yaani kwa masomo manne ya mwaka mzima. Na katika hizo 8, zisizidi 4 kutoka darasa la 10. Mwanafunzi aliyechukua masomo kumi hapewi nyongeza kuliko aliyechukua manne.

Ya tatu ni fedha, na sababu hii ndiyo inayozigusa sana jamaa zetu. Shahada ya kwanza kule kwa kawaida hupimwa kwa krediti 120, na kila krediti hulipiwa. Vyuo vingi vya serikali humpa krediti 3 au zaidi mwanafunzi aliyepata alama 3 au kuzidi katika mtihani mmoja wa AP. Mtihani wenyewe hulipiwa karibu dola 100, na watoto wa jamaa zenye mapato madogo hupunguziwa. Majimbo mengine huwamalizia yaliyobaki. Faida hiyo si ndogo. Lakini vyuo vingine hutaka alama 4 au 5. Na vingine havitoi kitu: chuo cha Dartmouth, kwa mfano, kiliacha kutoa krediti za AP kwa wanafunzi walioingia tangu mwaka 2014. Basi mwenye kuhesabu fedha hiyo na aulize kwanza chuo anachokusudia, asije akahesabu vifaranga kabla ya mayai kuanguliwa.

Kwa ufupi, sababu zote tatu zatuonyesha kwamba masomo machache yaliyofanywa vizuri yana faida kubwa, na kwamba faida hiyo haiendelei kukua bila mwisho. Sasa yabaki kujua: machache ni mangapi?

BABA, BINTI NA KIPANDE CHA KARATASI

Hapo ndipo tunaposema kwamba jibu halimo kitabuni, bali nyumbani. Tutoe mfano. Tuseme binti mmoja wa darasa la 10 ameleta karatasi ile. Baba yake hufanya kazi ya usiku kiwandani. Mama yake husafisha vyumba katika hoteli. Wadogo zake ni wanne. Binti mwenyewe hufanya kazi dukani siku za mwisho wa juma ili kusaidia kulipa kodi ya nyumba.

«Baba,» asema binti, «rafiki yangu amechukua matano. Nami nataka matano.»

«Vema, mwanangu. Mimi masomo hayo siyajui, lakini kutoa na kujumlisha nilifundishwa. Lete kalamu. Juma lina saa ngapi?»

«Saa 168, Baba.»

«Kulala?»

«Tuandike saa 8 kwa usiku. Ni 56.»

Binti amesema vema. Waganga wa usingizi wa Marekani walitangaza mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 mpaka 18 yampasa kulala saa 8 mpaka 10 kila siku. Yeye amechukua hesabu ya chini kabisa. Chini ya hiyo ni kujiiba mwenyewe.

Waliendelea kuandika. Darasani saa 35. Njiani, kwenda na kurudi, saa 5. Kula, kuoga na kufua nguo, saa 14. Kuwalisha wadogo jioni na kazi nyingine za nyumba, saa 14. Kazi ya dukani, saa 12. Kanisani, pamoja na jamaa, na kupumzika kidogo, saa 8.

«Jumla?»

«Saa 144, Baba. Zimebaki 24.»

«Basi hizo 24 ndizo mali yako. Sasa niambie, kila somo linakula ngapi?»

Binti ana masomo sita yenye kazi ya kufanya nyumbani. Tuseme la kawaida lataka saa 2 kwa juma, na la AP lataka saa 6. Yote sita yakiwa ya kawaida ni saa 12. Kila somo la kawaida likigeuzwa kuwa la AP, zinaongezeka saa 4. La kwanza: 16. La pili: 20. La tatu: 24, na mfuko umekwisha. La nne: 28, na hapo saa 4 zitatafutwa wapi? Zitatoka katika usingizi, kwa maana usingizi ndio mdai asiyepiga hodi mlangoni. Hukaa kimya, kisha hudai siku ya mtihani.

Na hata hayo matatu hayana nafasi ya kuugua siku moja, wala ya mdogo kuamka na homa. Tena binti huyu alianza Kiingereza akiwa na miaka 12. Kitabu cha historia ambacho mwenziwe hukisoma kwa saa 6, yeye hukisoma kwa 8. Wakahesabu upya: historia ya AP, saa 8, hesabu ya AP, ambayo maneno yake ni machache, saa 6, masomo manne ya kawaida, saa 8. Jumla 22. Zimebaki saa 2 za akiba. Basi mwaka huu ni mawili.

«Lakini rafiki yangu?» auliza binti.

«Rafiki yako anafanya kazi dukani?»

«Hapana.»

«Basi yeye ana saa 36, nawe una 24. Hamna akili tofauti, mwanangu; mna juma tofauti.»

Naam, msomaji mpenzi, fanya mwenyewe hesabu hiyo: mwenye saa 36 aweza kuchukua hata yote sita na zikamtosha. Hesabu ile ile iliyo nyepesi kwa mmoja ni zaidi ya nguvu kwa mwingine. Wazee walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kijana anayechagua masomo kwa kumtazama jirani anaona kanda, haoni kilichomo. Watazameni wenye kusukuma chukudu huko Goma: hawapakii kwa kadiri ya magunia yaliyoko sokoni, hupakia kwa kadiri ya mlima ulio mbele yao.

ZAWADI YA SAA NNE

Sasa tazameni neno jingine lililofichika katika karatasi ile. Tumesema kuongeza somo moja la AP ni kuongeza saa 4. Basi mama akisema: «Jioni mbili kwa juma nitabadilishana zamu na jirani, wewe usipike wala usiwaogeshe wadogo,» na saa 4 zikapatikana, mfuko wa binti umekuwa na 28. Somo la tatu likiingia, jumla ni 26, na akiba ya saa 2 iko pale pale. Mama ambaye hajui kalkulasi ni nini amempa mwanawe somo la tatu.

Hilo ndilo neno tunalotaka wazazi walishike. Wengi wao hujidharau wakisema: «Nitamsaidiaje mtoto, nami sikusoma?» Mtoto hakuombi umfundishe fizikia, mwalimu wake yuko. Akuomba saa, meza yenye taa, na mlango uliofungwa. Na saa hizo ziko mikononi mwako, si mikononi mwa shule.

Tunajua kwamba si kila nyumba inaweza. Kuna nyumba ambapo mshahara mdogo wa mtoto ndio unaojaza pengo la kodi, na kama hauji, jamaa watatolewa nje. Hapo hakuna aibu. Lakini basi mzazi na aseme wazi: «Mwanangu, mwaka huu nahitaji saa zako 12, kwa hiyo sikudai masomo matano.» Lililo baya ni kudai yote mawili: kazi ya mtu mzima na masomo ya mtu asiye na kazi, kisha kumwita mvivu anaposinzia. Mshika mawili moja humponyoka, na kijana wa namna hiyo huponyokwa na afya kwanza.

WOGA NAO SI BUSARA

Msije mkadhani twawafundisha vijana kuogopa. Wako wanaochukua mengi mno. Wako pia wasiochukua hata moja, ingawa wanaweza. Na kwa watoto wa wageni hatari hii ya pili ni kubwa. Mtoto asemaye Kiingereza kwa shida huonekana mjinga machoni pa watu wasiomjua. Huwekwa katika madarasa mepesi, na miaka hupita, wala hakuna amwulizaye. Naye mwenyewe hujisemea: «Masomo yale si ya watu kama sisi.»

Jambo hili limejulikana hata kwa watunga sheria. Mwaka 2018 jimbo la North Carolina lilitunga sheria kwamba mwanafunzi aliyepata alama ya juu kabisa katika mtihani wa hesabu wa mwisho wa mwaka apelekwe katika hesabu ya daraja la juu mwaka unaofuata, mradi shule inalo darasa hilo. Wala asitolewe mpaka mzazi wake akubali kwa maandishi. Angalieni: sheria yenyewe imetaka sauti ya mzazi isikiwe.

Kwa hiyo tunasema hivi: kijana mwenye alama nzuri katika somo fulani na aanze na moja, hilo alipendalo na aliwezalo. Mwaka wa kwanza wa kujaribu utamfundisha saa zake za kweli, kwa maana zile saa 6 tulizoandika ni mfano tu. Mwingine atatumia 4 na mwingine 9. Akiisha kujua, ataongeza au atabaki hapo. Lakini asibaki bila hata moja kwa sababu ya woga. Mwenye kubebwa hujikaza.

SOMO GANI KWANZA

Baada ya hesabu, yafuata kuchagua. Tuseme maneno matatu mafupi.

Kwanza, tazama mali uliyokuja nayo. Watoto waliosoma shule za Kikongo katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, au waliosoma huku kwetu kabla ya kusafiri, wana Kifaransa. Wengi wamekiacha kama nguo ya zamani. Kumbe Kifaransa ni mojawapo ya lugha zilizo na mtihani wa AP! Kiswahili hakimo. Tena mwanafunzi aweza kuingia mtihani wa AP hata kama hakukaa katika darasa lake, shule ikikubali kumwandikisha. Kijana aliyesoma Kifaransa mpaka darasa la 6 au la 7, kisha akarudia kukisoma vitabuni, aweza kupata huko krediti ambazo wenzake wazaliwa wa kule huzitafuta kwa miaka minne. Waliosoma katika kambi za Uganda, ambako watoto hufundishwa kwa Kiingereza, mali yao ni hicho Kiingereza. Na wao historia haitawalemea sana.

Pili, tazama ngazi. Masomo mengine hayarukiwi. Kalkulasi yataka hesabu nyingine kabla yake. Na kama mtoto hakuzipanga tangu darasa la 9 au la 10, atafika darasa la 12 akaukuta mlango umefungwa. Ndiyo maana kuuliza mapema kuna faida kuliko kuchukua mengi mwishoni.

Tatu, tazama kazi unayoitamani. Anayetaka kuwa mwuguzi atafaidiwa na biolojia na kemia kuliko na masomo matano yaliyookotwa kwa sababu yalikuwa na nafasi. Hata shule kubwa zimeanza kulitafakari jambo hili: mwaka 2018 shule nane za watu binafsi za mji wa Washington na kando yake zilitangaza kwamba zitaacha masomo ya AP, zifundishe masomo yao wenyewe kwa kina. Hatusemi kwamba zilifanya vema au vibaya. Twasema tu kwamba zile herufi mbili si ufunguo wa kila mlango.

MAMBO YA KUKUMBUKA KWA MZAZI

Wewe mzazi uliye kule, au wewe babu uliye huku unayezungumza na watoto wako kwa simu kila Dominika, shika haya.

Karatasi ikija, usitie sahihi siku hiyo hiyo. Mwombe mshauri wa wanafunzi akuonane nawe, na umwambie shule ilete mkalimani. Mtoto mwenyewe asifanywe mkalimani wa jambo lake. Uliza maneno manne: Mwanangu ameonyesha nguvu katika somo gani? Somo hili la juu lataka saa ngapi nyumbani kwa juma? Akilemewa, siku ya mwisho ya kurudi katika somo la kawaida ni lini? Na mtihani utalipiwa na nani? Swali la tatu usilisahau, kwa maana kila shule ina tarehe yake, na ikiisha kupita, alama mbaya hubaki katika daftari. Swali la nne nalo lina siku yake: mitihani ya Mei huandikishwa mwezi wa Novemba, na aliyeandikwa kisha asifanye aweza kutozwa dola 40.

Masomo yakiisha kuanza, mtazame mtoto kwa juma sita za kwanza. Taa yake huzimwa saa ngapi? Anakula? Anacheka na wadogo zake? Amekuwa mkali bila sababu? Mambo hayo hayaandikwi katika ripoti ya shule, nawe peke yako ndiwe uwezaye kuyasoma. Ukiona dalili mbaya, rudini mezani na karatasi ile ile, mtoe hesabu upya. Kuacha somo moja kabla ya tarehe yake ili kuyaokoa matano si kushindwa; ni kama nahodha anayetupa shehena kidogo ili mashua ifike ng'ambo.

Nanyi vijana, msiwafiche wazazi wenu saa zenu. Mwenye kuficha kwamba analala saa 4 hawezi kusaidiwa. Mwoneshe baba karatasi, umwambie: «Hizi ndizo nilizo nazo.» Huenda atapunguza kazi, huenda hataweza, lakini kuanzia siku hiyo atajua unachobeba.

Basi akikuuliza mtu ni masomo mangapi yanayofaa, usimtajie tarakimu. Mwulize: «Una saa ngapi, na nani nyumbani aweza kukuongezea?» Akiisha kujibu hayo mawili, hesabu itajitoa yenyewe. Mtoto aliyechukua mawili akayamaliza kwa alama njema, akiwa mzima na mwenye hamu ya kusoma, ataingia chuoni na nguvu zake. Yule aliyechukua sita akachoka kabla ya kufika, amelipa nauli yote akashuka katikati ya njia.

Tukutane juma lijalo.